Cheni Haikukatika

"Cheni imekatika," alisema Dereva kabla fundi hajatua hata mfuko wake wa spana. "Usijisumbue na kingine. Cheni ya ndani, ile ya taiming. Nimeendesha magari miaka thelathini na moja, injini ikikohoa najua imekula nini."

Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na watu wa nyumba ile walikuwa wameyasikia hadi masikio yakazoea. Gari liligoma kuwaka asubuhi moja. Dereva akafungua boneti, akapapasa humo ndani, akaifunga, akatangaza kwamba cheni imekatika na kwamba hataki fundi yeyote aje kumchezea gari lake. Likasukumwa hadi kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba, likapandishwa juu ya matofali, likafunikwa turubai. Juu ya turubai vikaanza kurundikwa vitu: godoro bovu, ndoo zisizo na vishikio, na kitanda cha mtoto ambaye sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha uuguzi.

Huyo mwenye kitanda ndiye aliyemleta fundi. Nyumbani wanamwita Muuguzi, kwa utani zaidi kuliko kwa heshima, maana tangu amalize chuo miaka miwili iliyopita hajamuuguza mtu ila baba yake, Dereva, na presha yake. Sasa kazi ilikuwa imepatikana, ya kusambaza chanjo kwenye zahanati saba. Barua ilikuwa fupi, na mstari mmoja tu ndio uliomnyima raha: mwombaji awe na gari, na gari hilo lipitishwe na mkaguzi kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata walisoma naye darasa moja, na mume wake alikuwa na gari linalotembea. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nitaangalia, mzee," fundi alisema kwa adabu.

"Usiangalie. Fungua cheni."

Fundi huyu mtaani anaitwa Kama-Lilivyokuwa. Mafundi wengine wakimaliza kazi hubaki na nati tatu mkononi wakakuambia hazikuwa na maana. Yeye hajawahi kubakiwa hata na moja. Kila bolti ilikuwa na kopo lake, kila kitu alichokitoa alikiandika, na alipokirudisha kilikaa kama alivyokikuta. Ukimharakisha anakuangalia kwa huruma, kisha anaendelea na mwendo wake ule ule. Kwa mtu mwenye siku nne mkononi, fundi wa namna hii anaweza kukutoa machozi.

Waliondoa godoro, ndoo na kitanda. Turubai lilipovutwa, vumbi liliwakohoza wote. Kwenye chujio la hewa panya walikuwa wamejenga, wamezaa, wamehama. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka uji wa kahawia unaonuka kama rangi ya mbao. Fundi aliitoa yote, akasuuza tangi, akafungua kabureta na kuloweka vipande vyake kwenye beseni. Kisha akaomba plasta ile nyeupe ya kufungia vidonda, na Muuguzi akamletea. Akakata vipande vinne, akaviandika moja, mbili, tatu, nne, akavibandika kwenye waya za plagi kimoja kimoja kabla ya kuzichomoa.

"Hii ya mwisho ina uzi mwekundu," alisema. "Mzee, uzi huu ni wa nini?"

Dereva, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni mwa banda, alijibu upesi kuliko kawaida yake. "Pambo tu. Uache hapo hapo."

"Nitauacha, mzee. Mimi huwa narudisha kama lilivyokuwa."

Mama Muuguzi, mke wa Dereva, alikuwa akija na birika la chai. Aliposikia hivyo, na alipoziona zile plasta nne zimebandikwa kwa unadhifu ule, alitua birika chini akarudi jikoni bila kummiminia mtu.

Maana, jamani, gari lile halikuwa na ugonjwa wowote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliua.

Siku moja kabla ya asubuhi ile ya kukohoa, walikuwa wakitoka sokoni, yeye kiti cha mbele, Dereva kwenye usukani. Penye kona ya shule mtoto mmoja alikuwa akivuka, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Mama Muuguzi aliurukia usukani akauvuta kwa mikono miwili. Mtoto alitimua mbio akaacha kiatu kimoja katikati ya barabara. "Nilimwona," alisema Dereva. Alilisema hilo njia nzima na mezani wakati wa chakula, na mkewe akakumbuka nguzo ya lango waliyoigonga mwezi uliotangulia, na mkokoteni wa muuza maji kabla ya hapo. Yote aliyaona, kwa maneno yake.

Asubuhi, mume akiwa bafuni, Mama Muuguzi alifungua boneti. Miaka mingi alikuwa amemshikia tochi huyu bwana akisafisha plagi zake, kwa hiyo alijua pa kugusa. Waya ya kwanza akaipeleka kwenye plagi ya mwisho, ya mwisho akaileta kwenye ya kwanza. Za katikati akazibadilisha zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu ni mwanamke asiyependa vitu vikae shaghalabaghala. Alidhani Dereva atahangaika siku mbili tatu, na katika siku hizo angepata ujasiri wa kumwambia kuhusu macho. Dereva akasema cheni imekatika, na ujasiri haukuja.

Sasa alikuwa ametegemea kwamba fundi atazichomoa waya, atazirudisha anavyojua yeye, na mambo yaishe kimya kimya. Katika mafundi wote wa mji mzima, binti yake akamchagua huyu.

*

Jumatano nzima iliteketea kwenye cheni.

Ili kuifikia, fundi alilazimika kutoa rejeta, kung'oa puli ya mbele kwa kuigonga taratibu, na kufungua kifuniko chenye bolti kumi na moja, kila moja na kopo lake. Muuguzi alikuwa akipita banda kila nusu saa akiangalia simu. Kompyuta yake ya chuo alikuwa ameiuza asubuhi, ikageuka betri, plagi, oili na mipira mipya ya petroli. Magurudumu waliazima gereji. Breki fundi alikuwa ameahidi kuzimaliza kabla jua halijazama.

Saa tisa alasiri kifuniko kikatoka. Fundi aliinama, akaichezea cheni kwa kidole, akainuka.

"Mzee, cheni ni nzima."

"Haiwezekani."

"Njoo uone."

Lilikuwa neno la kawaida tu, lakini lilikaa vibaya. Dereva hakuinuka. Magazeti alikuwa ameacha kusoma miaka sita iliyopita, akisema siku hizi hawaandiki kitu cha maana. Chai alikuwa akipewa kikombe mkononi. Nyumba nzima ilijua, na nyumba nzima ilijifanya haijui, na watu wakazoea kutosogeza viti.

"Kama haikukatika basi imeruka," alisema hatimaye.

"Haikuruka, mzee. Alama zake ziko sawasawa."

"Wewe una miaka mingapi kwenye kazi hii?"

"Kumi na tisa."

"Mimi thelathini na moja! Unaniambia nini?"

"Baba," Muuguzi alisema, "tumepoteza siku nzima kwa hiyo cheni yako."

"Ningekuwa ninyi ningemshukuru Mungu ni nzima," Dereva alisema bila aibu. "Maana likiwaka nitakupeleka mwenyewe kwenye hizo zahanati. Wewe shika masanduku yako ya barafu, usukani niachie mimi."

"Baba, macho…"

"Macho yangu yana shida ya kusoma tu. Barabara haisomwi."

Jikoni, Mama Muuguzi alisikia hayo na sufuria ikamponyoka mkononi.

*

Alhamisi asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Injini iliyokuwa imeshikana kwa kukaa ilikuwa imelowekwa oili ndani ya silinda usiku kucha na sasa ilizunguka kwa spana bila kinyongo. Muuguzi alikaa kwenye usukani. Fundi akainua mkono.

"Piga."

Starta ililia. Injini ikazunguka, ikazunguka, kisha ikakohoa, pwah! kupitia juu, kwenye kabureta, na mwali mdogo ukamramba fundi nyusi.

"Ndiyo hiyo!" Dereva alipiga paja. "Ndiyo hiyo hiyo ya siku ile! Si niliwaambia?"

Fundi alipangusa uso akaanza upya. Alichomoa plagi, akaiegesha kwenye chuma, cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Petroli ilikuwa ikifika. Alibana tundu la plagi kwa kidole gumba, pumzi ikamsukuma kidole. Moto upo, petroli ipo, pumzi ipo, na injini yenye vitu vyote vitatu haina sababu ya kugoma. "Piga." Pwah. "Piga tena." Pwah.

Mama Muuguzi alisogea akijifuta mikono kwenye kanga.

"Fundi, mwanangu, mimi sijui kitu. Lakini hizo waya, haziwezi kuwa zimekosea njia?"

"Nimeziandika, mama. Tazama plasta zenyewe."

"Naziona. Nasema labda ulizikuta zimekosea."

Fundi alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mama wa mtu. Lakini alikuwa mwaminifu, akahesabu kwa kidole. "Moto unakwenda moja, tatu, nne, mbili. Hii moja, hii tatu, hii nne, hii mbili. Mpangilio ni sahihi kabisa, mama."

Na ulikuwa sahihi, ndiyo balaa yenyewe. Kama Mama Muuguzi angezivuruga ovyo, fundi angeona mara moja. Kwa unadhifu wake alikuwa ameugeuza mzunguko wote nusu, kila waya ikimfuata mwenzake vizuri kabisa, na kila silinda ikipewa moto wakati imeshamaliza kazi na inatoa moshi.

"Lakini ukijaribu tu kuzibadilisha…"

"Mama," Muuguzi alidakia, macho mekundu kwa kukosa usingizi, "tafadhali. Mwache afanye kazi. Kila mtu humu ndani ni fundi isipokuwa fundi."

Mama Muuguzi alirudi jikoni akalia kwa hasira, na hakujua amemkasirikia nani hasa. Kusema ni kinywa tu. Lakini akisema, Dereva atajua kwamba mkewe alimfanya mjinga kwa miaka kumi na moja, chakula kwa chakula. Tena gari likishawaka, nani atamnyang'anya ufunguo?

Mchana jirani, karani mstaafu, aliegemea ukuta akauliza kama wanafungua gereji. Muuguzi akampa mgongo, na hilo halikumzuia kubaki pale hadi jioni. Kwa hiyo alikuwepo fundi alipofungua kile kifuniko cha mbele kwa mara ya pili, bolti kumi na moja, kwa sababu sasa alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Na alimsikia Dereva akisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Huyu anafungua asichokijua! Leo mtu akinunua spana mbili tayari anaitwa fundi!"

Kama-Lilivyokuwa aliendelea kufungua. Kopo moja lilimponyoka, bolti zikatawanyika chini ya gari, akapiga magoti kuziokota mbele ya watu wote.

*

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa ameshapiga mara ya mwisho. Pwah. Alisimama kitambo akiitazama injini, kisha akaanza kupanga spana zake kwenye mfuko, kubwa chini, ndogo juu.

"Dada," alimwambia Muuguzi, "nimeshindwa. Sijawahi kusema neno hili, leo nalisema. Labda nilikosea kwenye cheni. Pesa ya ufundi nitakurudishia."

"Saa sita, fundi," Muuguzi alisema. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, ameipiga pasi tangu alfajiri. Alikaa juu ya tairi la zamani, akaifungua barua, akaikunja tena.

"Si labda," Dereva alisema kutoka kwenye kiti chake. "Umekosea. Mtu asiyejua aseme mapema asipotezee watu muda." Lakini safari hii hakupaza sauti, na mikono yake ilikuwa ikisuguana magotini bila kutulia.

Fundi aliutia mfuko begani. Hapo ndipo Mama Muuguzi alipotoka jikoni. Kwa siku tatu alikuwa amejiambia kwamba anamlinda mumewe, na watoto wa kona ya shule, na amani ya nyumba. Sasa alimwona mtu mzima, fundi wa miaka kumi na tisa, akitoka lango lake ameinamisha kichwa kwa kosa ambalo si lake.

"Fundi, weka mfuko chini."

"Mama, nimeshasema…"

"Weka chini, nakwambia!"

Alipita katikati yao, akainama juu ya injini, akachomoa waya. Ya kwanza, kisha ya mwisho. Akachomoa na za katikati. Plasta moja ikambandukia kidoleni. Muuguzi aliruka kutoka kwenye tairi.

"Mama! Unafanya nini? Unatuharibia!"

"Niliharibu zamani," alisema. "Mimi ndiye niliyeliua hili gari. Si cheni. Mimi, kwa mikono yangu hii. Baba Muuguzi, umenisikia?"

Alikuwa ameshika waya nne. Alizitazama. Ipi ilikuwa wapi? Miaka kumi na moja alikuwa na hakika ya jambo hili hadi kwenye ndoto, na leo akili ilikuwa imemruka. Alianza kuchomeka moja, akaitoa.

"Yenye uzi mwekundu iende ya kwanza," alisema Dereva.

Wote walimgeukia.

"Uzi niliufunga mimi, kuitambua ya kwanza kwa vidole. Iliyokuwa ya kwanza iende mwisho. Za katikati zibadilishane zenyewe kwa zenyewe. Ndivyo ulivyofanya."

Fundi alijipiga kofi la paji la uso. "Nusu mzunguko! Mama yangu, nusu mzunguko!" Alizipokea waya mikononi mwa Mama Muuguzi na kuzichomeka upesi, bila kopo, bila plasta, bila kuandika chochote. "Dada, panda! Piga!"

Injini ilizunguka mara mbili. Ikashika. Moshi mweupe ulijaa banda zima, mabati yakatetemeka, jirani upande wa pili wa ukuta akapiga kelele ya furaha kama kwamba yeye ndiye aliyeliwasha. Sauti ilikuwa ya kukwaruza mwanzoni, kisha ikalainika, kisha ikatulia. Muuguzi aliinamisha kichwa kwenye usukani akalia waziwazi, mguu wake haujaondoka kwenye pedeli.

"Siku tatu!" fundi alimgeukia mzee, sauti imempanda kwa mara ya kwanza. "Siku tatu, mzee! Cheni nimeifungua mara mbili! Umenitukana mbele ya jirani! Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," Dereva alisema. "Nisamehe, fundi. Una kazi nzuri. Ningekuwa na gari jingine ningekupa wewe."

Mama Muuguzi alikuwa bado amesimama mbele ya boneti, mikono myeusi kwa masizi. "Tangu lini?"

"Siku ile ile. Niligusa uzi nikaukuta uko mwisho."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kuzirudisha," alijibu. "Na ningezirudisha, ningelazimika kuendesha."

"Na jana? Na juzi? Mtoto anakosa kazi, wewe unasema utampeleka wewe!"

"Ulitaka niseme nini, Mama Muuguzi? Mbele ya mtoto?"

Alimtazama mume wake kwa hasira ya miaka kumi na moja, ikachanganyika na kitu kingine alichokikasirikia zaidi. Lakini ilikuwa imefika saa nne na nusu, na kwa mkaguzi kulikuwa na foleni.

"Baba," Muuguzi aliita kutoka kwenye usukani, akijifuta uso kwa mkono wa sare. "Mama. Mnakuja au mnabaki mkigombana?"

Dereva aliinuka. Aliweka mkono kwenye bodi ya gari akaifuata, taa, ubavu, kioo, hadi kwenye mlango wa dereva, na vidole vikashika kitasa kwa mazoea. Muuguzi alimtazama kupitia dirishani. Vidole vikaachia. Vikaendelea hadi mlango wa nyuma, akafungua, akaingia, akasogea kumwachia mkewe nafasi.

Fundi aliondoa matofali ya mwisho mbele ya gurudumu. Gari likatoka bandani polepole, kwenye jua. Walikuwa wameshapita nyumba ya jirani Dereva aliposema, taratibu, ili asikike nyuma tu:

"Penye shule, mwambie mtoto apunguze mwendo."

"Anajua," mkewe alijibu.

"Mwambie tu." Kona ikakaribia, injini ikashuka sauti. "Yule wa kiatu," akasema. "Sikumwona."